PS na spika kubwa: geuza risiva mgongo kabla hujatoa hela

Unataka sauti ya PS (PlayStation) itoke kwenye spika kubwa kupitia risiva. Kwanza tuelewane neno. Ukiingia duka la Kariakoo ukaulizia risiva, muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu ya ving'amuzi. Mwambie unataka amplifaya ya sinema ya nyumbani, ile inayofungwa spika tano kwa waya na yenye matundu ya HDMI nyuma. Hapo mtaelewana, halafu utaanza kuhesabiwa wati. "Hii wati elfu tano kaka, nyumba inatetemeka." Geuza hilo sabufa usome kibandiko cha umeme: utakuta linakula wati mia na kitu. Kitu kinachokula mia hakiwezi kutapika elfu tano. Namba ya kwenye boksi ni PMPO, yaani wati za kilele cha muda mfupi mno, na kila kiwanda huipima kinavyopenda.

Mimi nanunua matundu, wati baadaye. Hilo nimelilipia ada. Niliwahi kubeba hom thieta yenye deki kutoka Kariakoo mpaka Tabata kwa bajaji, boksi limeandikwa HDMI kwa herufi kubwa. Nafika, nachomeka PS4, kimya. Tundu lilikuwa moja tu na juu yake pameandikwa OUT, yaani linatoa picha ya deki kwenda kwenye TV, halipokei kitu. Dukani nikaambiwa mali ikishatoka hairudi.

Anza na mashine uliyonayo. PS4 ya kwanza na PS4 Pro zina tundu la optikali (sauti kwa waya wa mwanga) pamoja na HDMI. PS4 Slim haina optikali, na PS5 pia haina. Xbox One zinayo, ila Series X na Series S za 2020 zimeiondoa. Nintendo Switch inatoa sauti na picha kwa HDMI ya kwenye doki yake. Sasa njia zenyewe, kuanzia ile ambayo ningeilipia mimi.

Namba moja: PS kwenda risiva, risiva kwenda TV, zote kwa HDMI

Hapa mashine inatuma sauti ya spika tano au saba bila kuibana, risiva inaigawa, na picha inapita kwenda kwenye TV. Ukisikia hatua za adui nyuma ya bega la kushoto, ni kweli yuko huko. Na sauti haichelewi, jambo ambalo kwenye gemu lina uzito kuliko kwenye filamu.

Kinachobana ni umri wa risiva, kwa sababu picha nayo inapitia humo. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inafika 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. HDMI 2.0 ya 2013 inafika 60. Kwa 4K ya picha 120 unahitaji 2.1. Sasa jiulize TV yako ni ipi. Kama una PS4 ya kawaida na TV ya 1080p, risiva ya mtumba ya 2011 au 2012 inakutosha kabisa, na kwa maoni yangu hakuna hela inayofanya kazi vizuri zaidi ya hiyo. Watu wanazikimbia kwa sababu hazina bluetooth. Waache wakimbie.

Mtego ni kwamba risiva za zamani zaidi, hasa za bei ya chini, baadhi zinapitisha picha ya HDMI lakini sauti yake hazisomi. Na kama unawinda 2.1 iliyotumika, baadhi ya risiva za 2020 zilitoka na kasoro ya chipu, ukiziwekea Xbox Series X kwa 4K ya picha 120 TV inabaki nyeusi. Mwenye nayo anajua kwa nini anaiuza.

Namba mbili: PS kwenda TV, kisha TV irudishe sauti kwa ARC

Hii ni ya mwenye PS5 na TV mpya lakini risiva ni ya zamani kidogo. Picha inaenda moja kwa moja kwenye TV na hupotezi kitu, sauti inarudi kwa waya wa HDMI kupitia tundu lililoandikwa ARC. Lazima risiva nayo iwe na ARC kwenye tundu lake la kutolea. ARC ya kawaida inabeba sauti ya spika mbili, au spika tano zikiwa zimebanwa kwa Dolby Digital, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya sauti ya PS5 uchague Dolby badala ya Linear PCM (sauti isiyobanwa). Zikiwa zote zina eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, sahau shida hiyo, inabeba sauti nzima. Ila TV nyingine huchelewesha sauti kidogo: mpira ushagusa nyavu, kelele za uwanja zinafuata. Washa hali ya gemu kwenye TV kabla hujailaumu risiva.

Namba tatu: optikali

Inadharauliwa bure. Kwa PS4 yenye tundu hilo na risiva ya zamani isiyo na HDMI, waya mmoja mwembamba unakupa spika tano za Dolby Digital au DTS. Chagua optikali kama njia kuu kwenye mipangilio, kisha chagua Dolby. Vua vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha (nimeitwa nyumba ya mtu mpaka Mbagala kwa ajili ya kifuniko), na usiukunje kama waya wa pasi. Ncha ya pili ikiwaka wekundu, waya unapitisha mwanga.

Namba nne: waya wa nyekundu na nyeupe

Kama una sabufa tu, toa sauti kwenye tundu la hedifoni la TV. Ni spika mbili, basi. Ukinunua kile kisanduku cha kugeuza optikali kuwa nyekundu na nyeupe, rudisha mipangilio kuwa Linear PCM, maana vingi havielewi Dolby na utabaki na ukimya au mkwaruzo.

Bluetooth siipi namba. PS4 na PS5 zenyewe haziungi spika za bluetooth, na ukipitia kwenye TV sauti inachelewa.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo mtumba unapoua. Kwetu Tanzania ni volti 230. PS inakubali 100 mpaka 240, kwa hiyo watu wanadhani kila kitu ni hivyo. Risiva ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka ukutani Sinza utanusa jibu. Soma kibandiko cha nyuma, usisome plagi, kwa kuwa plagi hubadilishwa kwa dakika mbili. Ya Uingereza inakuja na pini zetu zilezile na volti zetu. Ya Marekani utalazimika kuinunulia transfoma ya kushushia umeme, ngumu kubeba na yenye kuvuma usiku kucha. Punguzo lote linaishia hapo.

Siku ya kununua, tia PS yako kwenye begi pamoja na waya wako wa HDMI. Omba ifungwe palepale, fungua gemu, na mwambie muuzaji azime muziki wake. Simama karibu na kila spika, hasa za nyuma, kwa sababu hizo ndizo huwa zimekufa. Iache iwake nusu saa hivi. Ikijizima yenyewe, mrudishie. Na ukifika nayo nyumbani, kile kitambaa cha kufuma cha mama kisilale juu yake, inapumulia mgongoni na kichwani.