Darasa la Neema na Matendo, Makindye: Mafundisho Mazuri, Karatasi Yenye Walakini

Darasa la Biblia linaloendeshwa kwa Kiswahili na kanisa moja la Makindye, hapa Kampala, huwavuta Wakongo, Wakenya na Watanzania waishio jijini, pamoja na Waganda waliojifunza lugha hii jeshini au sokoni. Halina ada, kinachouzwa ni kijitabu cha mazoezi, ambacho kurasa zake za mwisho zimefifia katika fotokopi hata hazisomeki vizuri usiku. Muhula huu somo limekuwa lile lililowasumbua Wakristo tangu enzi za mitume: ikiwa mtu huokolewa kwa neema, mwenendo wake una uzito gani?

Mwalimu analimudu somo lake. Aliandika ubaoni Warumi 3:28, isemayo mtu huhesabiwa haki (yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) kwa imani pasipo matendo ya sheria, na Yakobo 2:24, isemayo huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake, aya moja kando ya nyingine, akatuacha tuzitazame kabla ya kusema neno lolote. Hakutuficha kwamba hata Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, alikerwa na waraka wa Yakobo. Kisha akaeleza kwamba Paulo anawajibu waliotaka kuhesabiwa haki kwa kushika sheria, ilhali Yakobo anawakaripia waliojidai kuwa na imani huku wakimwacha ndugu yao alale na njaa.

Kilichonigusa zaidi ni kipindi cha historia yetu wenyewe. Uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, ambao wengi huuhusisha na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church hapa Kampala mwaka 1929, ulihubiri msamaha kwa damu ya Yesu, na waliookoka wakajulikana kwa kuungama hadharani, kurudisha vya wizi na kulipa madeni. Kurudisha huko kulifuata msamaha, hakukuununua. Baadaye lilipozuka kundi la Bazukufu, lenye masharti makali zaidi, deni lenyewe likawa kipimo cha wokovu wa mtu, na ndugu wakatengana. Hapo mama mmoja Mkongo aliinua mkono: "Mwalimu, mimi nauza vitenge vya mkopo. Neema inanifikia?" Akajibiwa: "Mama, ilikufikia kabla hujakopa. Deni ulipe, kwa sababu mwenye duka naye ni jirani yako."

Baada ya jibu kama hilo, karatasi tuliyogawiwa mwishoni ilinisikitisha sana. Ni orodha ya ahadi kuhusu pombe, mavazi na zaka, ambayo sharti mtu aitie saini ndipo aruhusiwe kushiriki Meza ya Bwana. Sina ugomvi na maadili yenyewe. Ulevi umevunja nyumba nyingi katika mtaa wetu, na kanisa lisilokemea dhambi linawadanganya watu wake. Ninachokipinga ni kuyaweka mbele ya meza, kana kwamba ndiyo malipo yake. Tito 2:11-12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kuukataa ubaya, na Waefeso 2 inataja matendo mema katika aya ya 10, baada ya zawadi ya aya ya 8. Mama wa vitenge aliikunja karatasi yake bila kuitia saini, na wengine wawili watatu wakafanya vivyo hivyo.

Nimewaomba wazee wa kanisa waiondoe karatasi hiyo, nao wameahidi kulijadili. Darasa lenyewe nalipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa aliyelelewa katika makatazo matupu. Afike mapema apate viti vya mbele, na aje na Biblia yake, kwani za kuazima ni chache.