Kipimo cha sukari cha miezi mitatu: huduma nzuri, jibu pungufu

Mwezi Machi nilimsindikiza dada yangu kwenye maabara moja ya binafsi jijini Dar es Salaam kupima HbA1c, kile ambacho wengi tunakiita kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Kuhusu mapokezi sina la kulalamikia. Hatukusubiri hata robo saa, aliyemtoa damu aliupata mshipa mara ya kwanza, tena alitueleza vizuri kwamba kipimo hiki hakimlazimu mtu kukaa na njaa. Majibu yalitoka jioni ileile.

Kasoro ilikuwa kwenye majibu yenyewe. Karatasi ilionyesha asilimia 6.5, na chini yake yameandikwa maneno mawili tu, "ana kisukari", kwa sababu hapo ndipo kiwango cha kuutambua ugonjwa huo kinapoanzia. Dada alilia njia nzima. Hakuna aliyemuuliza kama ana upungufu wa damu, ilhali viganja vyake vilikuwa vimepauka na alikuwa amesumbuliwa na hedhi nzito kwa zaidi ya mwaka.

Swali hilo lina uzito mkubwa. HbA1c haipimi sukari ya siku hiyo, bali sehemu ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyoshikwa na sukari katika maisha ya chembe nyekundu za damu, ambayo ni takriban siku 120. Kwa hiyo chochote kinachobadilisha umri wa chembe hizo huweza kubadilisha jibu pia. Mwili unapopungukiwa madini ya chuma, chembe changa huwa chache na zile kuukuu huzidi kwa uwiano, na hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kwa nini jibu hupanda ingawa sukari haijapanda. Selimundu, ambayo si ngeni katika familia zetu, hufanya kinyume: chembe hufa mapema, na mtu mwenye kisukari cha kweli anaweza kuambiwa yu salama.

Daktari tuliyemwendea baadaye aliagiza sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikawa 5.2, mbali na 7.0 inayoashiria kisukari. Himoglobini ilikuwa 8.3, wakati mwanamke asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na angalau 12, na ferritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma, ilikuwa 6 tu. Alimwanzishia vidonge vya madini ya chuma, akashughulikia hedhi, kisha akatuonya tusikimbilie kurudia HbA1c, kwa kuwa damu inapoanza kujijenga chembe changa huwa nyingi na jibu huweza kushuka kupita ukweli.

Tulirudi maabara ileile mwezi Agosti, himoglobini ikiwa imefika 12.4. Safari hii jibu lilikuwa 5.8, ambalo si la kupuuza, na bado anafuatiliwa, lakini si kisukari.

Kwa ustadi wa kutoa damu na uharaka, naipendekeza maabara hii bila kusita. Ila anayekwenda kwa kipimo hiki aombe picha kamili ya damu, yaani kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu, siku hiyohiyo, na asikubali kuanzishiwa dawa za kisukari kwa karatasi moja wakati hana dalili zozote. Msimamizi wao alinisikiliza kwa heshima nilipomweleza haya mwezi Machi. Hata hivyo fomu tuliyojaza Agosti bado haikuwa na mahali pa kuulizia upungufu wa damu wala selimundu.