RCBS Uniflow: kipimio kizuri cha baruti, kinachosingiziwa mengi

Kwa wanaojaza maganda ya risasi upya nyumbani huko Marekani, Uniflow, ya kampuni ya RCBS, ni kipimio cha baruti cha kutegemewa, na malalamiko mengi juu yake huanzia kwenye jambo moja: hupima ujazo, hakipimi uzito. Ndani yake mna ngoma ya chuma yenye tundu. Ukipandisha mpini, tundu hujaa baruti kutoka kwenye tangi la plastiki lililo juu. Ukiushusha, baruti humwagika kupitia mrija hadi kwenye ganda. Skrubu ndiyo inayoongeza au kupunguza kina cha tundu. Chochote kinachobadilisha jinsi punje zinavyojipanga ndani ya tundu hilo hubadilisha uzito, hata kama skrubu haijaguswa.

Kikiwa kipya, kifungue chote kabla ya kazi. Chuma huja kimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hugandisha punje. Dawa ya kusafishia breki huyaondoa vizuri, ila isiguse tangi, kwa sababu hula plastiki. Kikauke kabisa, kisha pitisha baruti mara nyingi bila kujaza ganda lolote, mpaka grafaiti (unga mweusi unaoteleza) iliyomo kwenye baruti yenyewe ipake kuta. Usitie mafuta ya kulainisha kwenye ngoma.

Vipimo vikianza kuyumba, usikimbilie skrubu. Hakikisha kwanza kwamba mizani yenyewe haiyumbi: ya kielektroniki iachwe ipate moto kama nusu saa, feni izimwe, na jiwe la kuhakiki lipimwe tena. Kisha mwaga vipimo kumi na upime kimoja kimoja. Ukipima vyote kwa pamoja na kugawa kwa kumi utapata wastani, na wastani huficha tofauti. Kipimo ni greni, na greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya greni ni punje chache tu.

Uzito ukishuka polepole, kwa kawaida baruti imepungua tangini na mgandamizo umepungua pamoja nayo. Ongeza kabla haijafika theluthi moja, na weka kizuizi ndani ya tangi: kipande cha bati kilichokunjwa, chenye tundu dogo, kinachobeba uzito wa baruti iliyo juu. Ukishashughulikia tangi na bado hali ni ileile, kaza pete inayofunga skrubu. Chora alama ya kalamu kwenye skrubu na pete. Alama zikiachana, skrubu inajizungusha.

Uzito ukipanda na kushuka bila mpango, mkono ndio wenye kasoro. Mwendo uwe uleule, na mpini ugonge kwa nguvu ileile juu na chini. Kugonga mara moja hapa na mara mbili pale kunatosha kuharibu kazi.

Hatari kubwa ni kipimo kimoja kupungua sana na kinachofuata kuzidi. Hapo baruti imekwama kwenye mrija, na ganda la pili limepokea la kwake pamoja na mabaki ya la kwanza. Baruti za vijiti virefu, kama IMR 4064 na H4831, hufanya hivi mara kwa mara, hasa kwenye ganda lenye mdomo mwembamba. Rudisha vyote viwili tangini, gonga mrija, tumia mrija mpana zaidi kama mdomo wa ganda unaruhusu, na umulike kila ganda kwa tochi kabla ya kusimika kichwa cha risasi. Hatua hii ya tochi haina msamaha, hata kwa aliyefanya kazi hii miaka mingi.

Vijiti hivyo hivyo, vikikatwa na ngoma, ndivyo hutoa ule mlio unaosikika mpini unapogoma katikati. Usiulazimishe. Rudi nyuma, gonga, jaribu tena. Afadhali kumwaga pungufu kwa nusu greni, kisha kumalizia punje kwa punje juu ya mizani.

Punje zikinata kwenye kuta za tangi, ni umeme tuli. Osha tangi kwa maji ya sabuni na liache likauke lenyewe, maana kulisugua kwa kitambaa huurudisha umeme huo.

Mwisho wa kazi, rudisha baruti kwenye kopo lake lenye jina. Baruti yenye nitrogliserini huanza kula plastiki, na baruti isiyo na jina haifai kujazwa tena. Baruti nyeusi isipitishwe hapa kabisa. Kipimio hiki ni cha baruti isiyo na moshi.

Kwa baruti za vidonge kama H335, sina kipimio cha mkono ninachokipendekeza kabla ya hiki. Kwa anayetumia vijiti virefu peke yake, kifaa cha kielektroniki kinachopima uzito kitamfaa zaidi. Skrubu ya maikromita, yenye namba zinazoonyesha ilipowekwa, inauzwa kando, na inastahili bei yake: unaandika namba na kuirudia. Namba hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu toleo jingine la baruti ileile huweza kuwa na msongamano tofauti. Ukifungua kopo jipya, pima upya kwenye mizani, ukianzia kiwango cha chini cha kitabu cha vipimo.