Kamera Mbili, Megapikseli Zilezile

Kamera yangu ya kwanza niliichagua kwa namba moja tu: megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 zinazounda picha. Niliona ni nyingi, nikalipa. Mchana ilitoa picha safi. Ilipofika usiku wa harusi ya dada yangu, chini ya taa hafifu, picha zilijaa chengachenga na waliokuwa wakicheza wakatoka kama vivuli. Nikailaumu kamera.

Kumbe mwenye kosa ni lenzi, ambayo wakati wa kununua sikuitazama hata mara moja. Ile iliyokuja ndani ya boksi ni ya milimita 18 hadi 55, kipimo cha jinsi inavyovuta vitu karibu. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6, namba inayopima ukubwa wa tundu hilo. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Ndiyo, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Hata mimi ilinichanganya.

Sasa natumia Sony A6000, toleo la mwaka 2014, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8. Megapikseli? 24 vilevile, na picha kubwa kuliko zote niliyowahi kuchapisha ni ya karatasi ya A4! Jioni nawapiga watoto sebuleni bila fleshi, na macho yao yanaonekana vizuri. Lenzi hii haivutiki; ukitaka kitu kiwe karibu, unasogea mwenyewe.

Nikiri jambo. Ningeinunulia ile ya kwanza lenzi ya aina hii, ningepata picha hizihizi kwa fedha kidogo zaidi. Kilichonishinda ni uzito, kwa sababu ilikuwa inashinda kabatini. Hii ina gramu 344 pamoja na betri na kadi, kabla ya kufunga lenzi, na naibeba kila siku. Ila kamera kama hii, zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), zinakula betri, maana skrini inawaka muda wote. Natembea na betri mbili.

Kwa anayenunua iliyotumika: mulika lenzi kwa tochi, kisha piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ina vumbi. Lenzi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Niliirudisha palepale.