Nimeuziwa dawa ya wadudu, ugonjwa wenyewe ni kutu

Jamani nina hasira, mnisamehe mapema. Franjipani zangu za getini, ile miti ya maua, zinapukutisha majani tangu masika yalivyokolea, juu ya jani madoa ya njano, ukiligeuza kwa chini kuna unga wa rangi ya chungwa, ukipitisha kidole unabaki nao kidoleni kama umeshika binzari. Nikachuma majani machache, nikayatia kwenye mfuko, huyoo mpaka duka moja la pembejeo huku Tegeta.

Muuzaji hata mfuko hakuufungua. Yuko bize na simu, "hao wadudu mama, chukua hii." Namwambia kaka, hebu geuza jani kwanza uone. Eti "kwani mtaalamu ni wewe au mimi?" Mbele za watu! Na chenji akanisukumia kwa kidole.

Basi nimepuliza jioni na jioni mpaka chupa inakaribia kuisha, kutu iko palepale na sasa imefika mpaka kwa jirani. Kwenye lebo kuna maandishi madogo kabisa, kiuadudu. Sasa kutu si ni ukungu, dawa ya wadudu itaufanya nini? Bibi yangu kule Newala miaka yote ubwiriunga wa mikorosho, ambao nao ni ukungu, anaupigia salfa, nani alimpeleka chuo?

Nimerudisha, jibu "mali ikishauzwa hairudi." Hata kuniangalia hakuniangalia.

Sasa hapo kwenye nyota za kulipima duka lao ndio nachanganyikiwa, maana yule kijana anayebeba mifuko ya mbolea alinifuata nje mpaka kwenye boda, akachukua jani, akaligeuza (yeye kaligeuza!), akasema dada hii kutu, okota yote yaliyodondoka uyachome, maji mwagia shinani usilowanishe majani, halafu piga dawa ya ukungu, salfa au zile za kopa (shaba), na upulizie hasa kule chini ya jani, juu peke yake unajisumbua. Hakutaka hata hela ya soda. Majani mapya yanatoka masafi, ila mvua bado zipo sijitambi.

Nilitaka kuwapa nyota moja, nimeweka mbili, ya pili ni ya kijana na bosi wake asijione. Na salfa yenyewe nimenunua hapohapo kwao, nilisubiri kwanza yule bwana atoke kwenda kuswali ndio nikaingia.