Milingi ya Mtumba kwa Karakana ya Nyumbani Lamu: Ipi Ununue

Milingi, yaani mashine ya kuchonga chuma, haifikishwi kisiwani Lamu kwa lori. Itashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, ipakiwe mashuani, ivushwe, kisha isukumwe vichochoroni kwa mkokoteni. Basi kabla ya bei, uliza mawili: inafunguka vipande? Na reli zake, yaani njia za chuma ambazo meza huteleza juu yake, zimelika kiasi gani? Kutu isikutishe, kutu hutoka. Reli iliyolika hairudi ila kwa kukwanguliwa upya kwa mkono, na hiyo ni kazi ya subira na ujuzi mkubwa.

Ya kwanza kwangu ni Bridgeport, ile ambayo meza hupandishwa na kushushwa. Ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, baadaye Uingereza pia, na vipuri vyake bado vinauzwa. Ina uzito wa karibu kilo 900, lakini kichwa, mkono na meza hufunguliwa kimoja kimoja, mashua ikavibeba. Ukienda kuitazama, weka meza katikati, kaza kabari zake, yaani vipande vyembamba vya kubana reli, mpaka isicheze, kisha zungusha gurudumu la kuisogeza hadi mwisho. Ikikaza huko pembeni, ujue katikati pamelika: bei ishuke sana, au uondoke. Gurudumu likizunguka kidogo kabla meza haijasogea si tatizo kubwa, kwani nati ya shaba inayosukuma meza hubadilishwa.

Soma pia kibao cha mota. Nyingi ni za fezi tatu. Ikiandikwa volti 230/400, fundi umeme ataiunganisha kwa delta, yaani mpangilio wa nyaya wa volti 230, na kuilisha kwa inverta ya mota (VFD), inayopokea fezi moja ya nyumbani na kutoa tatu.

Ya pili ni ya mezani yenye nguzo ya mraba, karibu kilo 300. Nguvu yake ni ndogo, lakini kuvuka nayo ni rahisi. Usiichanganye na yenye nguzo ya duara, ambayo naiweka ya nne: ukipandisha kichwa kubadili kisu, kichwa hugeuka na kipimo chako kikapotea.

Ya tatu ni milingi ya kulala, ambayo mhimili unaozungusha kisu umelala. Ni nzito mno, ila mwenye kazi ya kuchonga njia za kii (mifereji ya kipande kinachofunga gurudumu au propela) kwenye shafti za boti aifikirie kabla ya zote.

Keekee, yaani mashine ya kutoboa, yenye jiliwa la kusogea usiinunue kwa kazi hii. Chaki yake, yaani kishikio cha kisu, imeshikwa kwa kubanana tu. Kisu kikisukumwa ubavuni, inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka.

Ikishafika, ioshe chumvi kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, ikaushe, uipake mafuta siku hiyohiyo. Vipande vidogo vyenye kutu vitie kwenye ndoo ya maji na magadi, ukitumia chaja ya volti 12: hasi kwenye kipande, chanya kwenye chuma cha kawaida, kamwe si stenlesi, kwani hutoa sumu ya kromu. Fanyia nje, mbali na moto, kwa kuwa gesi inayotoka hushika moto. Reli usizipitishie graineda wala msasa. Zisafishe kwa mafuta ya taa na jiwe laini la kunolea, kisha zipake mafuta kila jioni unapofunga karakana.