Massey Ferguson 135 ya 1971: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu ya spana na grisi

Nianze na rangi, maana rangi ndo iliyonitia tamaa na rangi hiyohiyo ndo ikaja kunitesa. Siku nakwenda kuliona trekta lilikuwa linang'aa balaa, boneti nyekundu, injini kijivu, ungedhani limetoka kiwandani juzi. Kumbe aliyekuwa nalo alitafuta mtu wa kupuliza rangi na jamaa akapuliza kila kitu bila kuziba chochote, bolti, mipira, nipeli za grisi, mpaka mfuniko wa tanki la dizeli. Huo mfuniko ukumbukeni, nitaurudia.

Kwa wasioijua, 135 ilianza kutoka mwishoni mwa 1964 na kule Coventry, Uingereza, wakaendelea nayo mpaka 1975. Injini ya hili langu ni Perkins AD3.152, dizeli, silinda tatu, lita 2.5 hivi. Si kubwa, ila ukifunua boneti mkono unafika kila mahali, hakuna kompyuta wala sensa, dizeli safi ikifika na hewa ikaingia na stata ikazunguka vizuri basi linawaka, lisipowaka sababu unaitafuta kwa macho na vidole. Ndo maana nilinunua.

Wiki ya kwanza safi kabisa. Wiki ya pili nimeingia shamba na plau, nusu saa tu injini ikaanza kulegea kama mtu anayesinzia, mlio unashuka, unapanda kidogo, unashuka tena, kimya. Nikapiga stata weee, wapi. Nikakaa kivulini kama robo saa nikajaribu tena, likawaka kama halijawahi kuumwa. Nusu saa nyingine, kimya. Hivyo hivyo siku nzima, na kesho yake.

Nikaita fundi. Akasikiliza, akauliza linazima likiwa la moto eeh, nikasema ndiyo, akasema basi pampu ya dizeli imekwisha, hizi pampu za kuzunguka zikilika ndani ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi inapenya, haisukumi tena kwenye nozo. Akasema subiri nikuonyeshe. Lilipozima akaenda kuchota ndoo ya maji ya baridi, akarudi, akaimwagia pampu taratibu, akasema washa. Likawaka! Akanitazama, "umeona mwenyewe?" Nikaona mwenyewe. Pampu ikafunguliwa, ikaenda kwa watu wa pampu, ikakaa huko siku kumi na moja, ikarudi imepimwa na kubadilishwa mipira yote, ikafungwa, tukatoa upepo uliobaki kwenye mabomba ya dizeli, nikaingia shamba, nusu saa, kimya.

Sasa sikilizeni. Simlaumu sana yule fundi, maana alichosema kuhusu pampu iliyolika ni kweli kabisa, dalili ndo hizo na jaribio la maji ni la kweli pia. Kosa lilikuwa maji yenyewe yako mbali. Kwenda na kurudi na ndoo ni zile dakika kumi na kitu ambazo trekta lilikuwa linahitaji kwa sababu nyingine kabisa, hata angerudi mikono mitupu lingewaka tu.

Niligundua kwa bahati. Limezima, nimekasirika, nikasema ngoja nione kama dizeli ipo, nikakamata mfuniko wa tanki kuuzungusha ukawa mgumu, umeng'ang'ania, nikauvuta kwa nguvu ukaachia na sauti ya fyuuuuu, hewa inaingia ndani kama ya tairi lakini kinyume. Nikapiga stata palepale bila kusubiri, likawaka. Nikageuza mfuniko, nikaukwangua kwa ncha ya msumari, chini ya ile rangi nyekundu kukatokea katundu kadogo ka kupumulia, kamezibwa kabisa. Injini inanyonya dizeli, hewa ya kujaza nafasi haiingii, tanki linabana pumzi mpaka pampu ndogo ya kuvutia inashindwa, ukikaa kidogo hewa inajipenyeza polepole na linawaka tena. Msumari mmoja! Siku kumi na moja za pampu, zote kwa ajili ya tone la rangi. Nikacheka peke yangu shambani kama chizi.

Faida niliyopata pale ni kujua kutoa upepo mwenyewe. Unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapampu kwa kale kamkono ka pampu ya kuvutia mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, unafunga, unahamia skrubu za pampu kubwa, ya ubavuni kwanza halafu ya juu, mwisho unalegeza nati za mabomba pale kwenye nozo na mwenzako anapiga stata mpaka zitemee. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: kale kamkono kakiwa kalegevu hakasukumi kitu usidhani kamekufa, ni kwamba injini imesimama pale kemu, ile nundu ya ndani inayokasukuma, imekainua tayari, zungusha injini kidogo kanarudi kufanya kazi. Na usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka kutoka kwenye nozo, presha ile inapenya ngozi, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Aibu nyingine ni ya haidroliki, hii ni yangu peke yangu. Asubuhi moja mikono ya nyuma ya kunyanyulia plau haipandi, nimevuta levya zote mbili, hakuna. Nikaanza kufikiria kufungua kifuniko cha nyuma, nikamwaga hadi oili, pipa zima la kuoshea vipuri likajaa, ndo jirani akapita akaniuliza levya ya PTO, ile shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine, iko wapi. Iko katikati, haijashika. Pampu ya haidroliki kwenye hili trekta iko ndani ya oili ya gia na inazungushwa na shafti ya PTO, kwa hiyo PTO isiposhika hakuna kunyanyua, na ndo maana pia ukikanyaga klachi mpaka chini kabisa mikono inasimama, ukikanyaga nusu trekta linasimama lakini mikono inaendelea. Nikarudisha oili kimyakimya. Ila niliyoyaona humo sikuyapenda, imeingia weupe kama maziwa, maana yake maji, na maji yanapita kwenye mpira wa gia uliopasuka mvua ikinyesha. Nikabadilisha mpira na oili yote. Kagueni hapo kabla ya kununua, chomoa kijiti cha oili uangalie rangi yake, hiyo haipuliziwi.

Spana nazo. Bolti nyingi za humu ni za inchi, na mimi nina seti ya milimita. Ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza, unajiona mjanja mpaka nati inakuwa duara. Nimezungusha nne hivyo ndo nikakubali kununua seti ya inchi. Tapeti, yaani nafasi ya vali, niliseti kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ya 0.012 ya inchi injini ikiwa baridi, ile kelele ya kijiko kwenye kikombe ikaisha.

Kazi inafanya? Inafanya. Plau ya majembe mawili inavuta, na ile levya ya kuhisi mzigo, wazo la Harry Ferguson lenyewe, bado sijaona kitu kizuri kama hicho: udongo ukiwa mgumu jembe linajiinua kidogo lenyewe, matairi yanashika, halafu linarudi chini, wewe umekaa tu. Dizeli inakula kidogo. Vipuri vinapatikana kirahisi kuliko nilivyodhani, japo ubora unatofautiana, pampu ya maji ya kwanza niliyofunga ilianza kuvuja mwezi haujaisha.

Ninachokiogopa ni breki na kwamba halina fremu ya kukinga dereva likipinduka. Kwenye mteremko sipandi nalo, basi, hata niambiwe nini.

Na rangi bado haijaniacha. Nipeli zilizopuliziwa zilikuwa hazipitishi grisi, kwa hiyo pini za mbele zimelika, usukani unacheza robo nzima kabla matairi hayajasikia. Nimezikwangua zote kwa ule ule msumari, mbili zikagoma nikabadilisha. Sili ya nyuma kushoto inavuja oili kwenye breki, Jumamosi nafungua tairi.